Wivu wa Kinyonga kwa Upinde wa Mvua

Enzi hizo, kila mvua ikikatika, Mama Kobe alipanda kichuguu kuutazama upinde wa mvua. Mwaka wa mafuriko, ulipotokea ndipo maji yalipopungua na mayai yake yakapona. Hakuusahau.

Rafiki yake Kinyonga roho ilimuuma. "Kila siku upinde, upinde! Kwani mimi rangi sina?"

Mvua iliyofuata akapanda mti uliokuwa mbele ya kichuguu, akajigeuza rangi zote saba, ili leo atazamwe yeye. Lakini upinde ukatokea nyuma yake, akapotelea humo humo.

"Lahaula!" Mama Kobe akapiga kelele. "Leo umeng'aa kupita siku zote! Na Kinyonga yuko wapi, jamani? Kila mvua namwekea nafasi hapa ubavuni pangu, wala haji."

Kinyonga akashuka mbio, mbio za kinyonga. Alipofika, upinde ulishafutika.

"Umechelewa, ndugu yangu," akasema Mama Kobe kwa huzuni. "Uzuri wa leo sitauona tena."

Kinyonga akaona haya kusema ni nani aliyeng'aa. Tangu hapo anajionea wivu mwenyewe.