Posa ya Kabuluku

Mshale wa Abdias ulichoma kichuguu. Aliuona kwa macho yake mawili, yaliyosaidiwa na miwani, ukizama katika udongo mwekundu na kutetemeka kama kidole kinachomsuta.

"Umemupiga!" Papa Kyabu alinong'ona nyuma yake. "Enda, pita nyuma ya kichuguu. Kimbia!"

Abdias hakuwa ameona mnyama wala kivuli cha mnyama. Mzee alikuwa amenyoosha kidole majanini, akasema, "Iko pale, piga," naye akapiga. Ni nani atakayemwambia baba wa mchumba wake kwamba pale hakuna kitu? Huko nyuma mjomba wa binti, Tonton Kalunga, alikuwa ameinama akichomoa mwiba mguuni na kulilaani pori zima la Kaniama.

Na ijulikane kwamba Abdias Nkulu alikuwa karani wa shule huko Kamina, mwenye mkono ambao kwa miaka sita haukuwahi kukosea mahali pa muhuri. Lakini katika ukoo wa mchumba wake Julie, mwanamume haoi kwa muhuri. Sharti aue kabuluku, yule swala mdogo, kwa upinde, mbele ya wazee wawili, mbali na kwao, katika pori la wote lisilo shamba la mtu. Anaruhusiwa safari tatu. Kutoka mbili za kwanza Abdias alirudi mikono mitupu. Hii ilikuwa ya tatu, na Tonton Kalunga alikwisha kumpatia Julie mchumba mwingine, mchuuzi wa samaki wa Kinkondja mwenye pikipiki mbili.

Alizunguka kichuguu. Kabuluku alikuwa amelala pale, amekufa, na mshale ubavuni.

Mshale haukuwa wake. Wake ulikuwa na manyoya ya kuku wa mama yake. Huu ulikuwa na manyoya ya kanga. Mnyama alikuwa baridi, miguu imekakamaa kama ya meza. Mtu wa pori angejiuliza maswali mengi. Karani alijiuliza moja tu: nani ananiona?

Sheria aliijua. Ukimkuta mnyama ana mshale wa mwingine, unaita mara tatu, unakaa chini, unamngoja mwenyewe. Abdias hakuita hata mara moja. Aliuchomoa ule wa kanga, akauficha ndani ya suruali, akaung'oa wake kutoka kwenye kichuguu na kuushindilia katika jeraha lile lile. Ndipo akapaza sauti.

Tonton Kalunga alifika akichechemea. Akakagua mshale, akanusa jeraha, akasimama.

"Karani," alisema kwa huzuni ya kweli kabisa. "Leo Mungu alilala."

"Mungu haiko analala," Papa Kyabu alimjibu. "Beba nyama."

"Beba weye, shemeji."

"Bega yangu inauma."

"Bega iko na nini? Tangu urudi ku sala asubuhi uko unaishika tu."

"Nilisali sana."

Wakaondoka. Abdias alitembea mguu mmoja umenyooka kama gongo.

"Na weye uko na mwiba?" Kalunga akamuuliza.

"Ndiyo, Tonton."

Njia nzima alimfikiria mwenye mshale wa kanga. Alimwona ameinama, akifuata damu majanini. Kufikia mtoni alikwisha kumpa mtu huyo watoto wanne. Kufikia kijijini walikokuwa wamelala, yule wa mwisho alikuwa na homa.

Chifu Kitwa, mwenye mamlaka juu ya ardhi ile, aliwapokea juu ya kiti cha plastiki. Kidari cha mnyama ni haki yake, lakini kabla kisu hakijagusa ngozi ilimpasa aulize mara tatu mbele ya kijiji kizima.

"Kuna mwingine mwenye mshale mu hii nyama?"

Kuku akapita.

"Kuna mwingine?"

Papa Kyabu alimkazia macho Abdias, akakohoa, akatikisa kichwa polepole. Anajua, Abdias aliwaza, na jasho likamtoka hadi kwenye soksi. Akamfikiria Julie, ambaye usiku wa kuagana alimwambia, "Rudi na nyama, Abdias. Minyi na ule mutu wa samaki hatutawezana." Akamfikiria pia yule mtoto mwenye homa.

Chifu alifungua mdomo kwa mara ya tatu.

"Mulopwe," Abdias akamwambia chifu, akisimama kama mwanafunzi aliyeitwa kwa prefe, mkuu wa shule. "Hii nyama haiko yangu. Nilibadilisha mushale. Mwenyewe iko mu pori, iko anaitafuta."

Na hapo, mbele ya wazee, wanawake na watoto, akauchomoa ule mshale wa kanga kutoka ndani ya suruali yake.

"Nilisema nini minyi!" Tonton Kalunga aliruka juu, mguu wake umepona papo hapo. "Mwizi! Bantu bote mumesikia! Julie anaenda Kinkondja!"

Chifu akautembeza mshale. Wawindaji wa kijiji waliupokea mmoja mmoja, wakaugeuza, wakaupitisha. Haiko yangu. Haiko yangu. Ukafika kwa Papa Kyabu. Yeye hakuupitisha kwa mtu.

"Iko yangu," alisema. "Nilimuua jana magharibi. Leo alfajiri nikamubeba ku bega, nikamulalisha pale nyuma ya kichuguu. Weye mutoto, juu ya nini haukunyamaza?"

Kisha akamgeukia Kalunga, ambaye mikono yake ilikuwa bado juu.

"Papa yako alinifanyia vile vile, juu nimuoe dada yako. Lakini minyi nilinyamaza."