Neno la Mstari wa Nne

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Nerima alikuwa akiisoma taarifa yake kituoni, akakwama kwenye mstari wa nne. Yeye alikuwa amesimulia kwa Kiswahili, askari akaandika kwa Kiingereza: akiwa mlangoni, shahidi "descried" mtu akimpiga binti wa shahidi kwa nondo.

"Neno hili umelitoa wapi?"

"Hicho ni Kizungu cha korti, mama. Maana yake uliona. Wewe tia sahihi tu."

"Nimefundisha Kiingereza hapa Kaloleni miaka ishirini na minane. Neno hili ni la kitu kilicho mbali, unachokitambua kwa shida, kama mlima kwenye ukungu. Mimi nilikuwa mbali?"

"Aki mwalimu, tusisumbuane. Ni neno moja."

"Wakili wake akilishika hilo moja, yule mtu anaenda nyumbani."

Nerima aliweka mkono wa kulia mezani. Ukucha wa kidole cha kati ulikuwa umeng'oka nusu, damu imekauka ukingoni. Uling'oka alipomkaba kola yule mtu, karibu naye kiasi cha kunusa sigara kinywani mwake.

"Hapa ni mbali?"

Askari akatazama dirishani.

Nerima alichukua kalamu, akalikata neno kwa mstari mmoja, akaandika "saw" juu yake na herufi za kwanza za jina lake kando. Kisha akatia sahihi chini.

Askari alinyoosha mkono. Nerima hakuiachia karatasi.

"Kwanza nitolee kopi," alisema, akaketi.