Kimbia Kama Unatoroka Kweli

"Simama! Simama hapo hapo!" Diana akatupa karatasi zake kwenye benchi la kanisa. "Mtumwa gani anatoroka akitembea kama anapelekea wageni chai?"

Edinah akasimama mlangoni, kichwa chini. "Pole, Mama."

Diana alikuwa amechoka naye. Mchezo wenyewe aliutoa katika riwaya ya kale, ile iliyowatia watu aibu ya kumiliki binadamu wenzao. Waliisoma wakalia, kisha wakaanza kudai watumwa waachiliwe. Ameifundisha shuleni miaka nenda miaka rudi, na wanafunzi wanampigia miayo tu. Leo alasiri angejua kama Eldoret nayo ina machozi. Halafu binti wa kwaya aliyekuwa mwigizaji mkuu akaugua, ikabidi ambandike Edinah mahali pake. Angalau vazi halikuhitaji kushonwa; gauni alilokuja nalo lilitosha.

"Ukifika kwa mlango unasimama. Kwani nani anakushika?"

Edinah akainua kichwa. Kisha akauliza polepole, "Mama, nitoke nje kabisa?"

"Kabisa! Na usiangalie nyuma. Ai, hiyo ni ngumu aje?"

Alasiri kanisa lilijaa mpaka wengine wakasimama. Onyesho la mwisho lilipofika, Edinah aliutazama mlango, akakamata pindo la gauni, akatoka mbio za kufa na kupona. Mama mmoja akapiga yowe. Leso zikatoka mifukoni. Pasta mwenyewe akawa anafuta miwani. Hatimaye! Diana naye akalia, kwa furaha.

Akapanda mbele, akapewa kipaza sauti awashukuru watu. Akamwita Edinah aje apigiwe makofi. Hakutokea. Akaita tena, hasira zikaanza kumpanda. Huyu msichana angemharibia hata sasa? Simu yake ikalia. Alikuwa Oyugi, mlinzi wa nyumbani kwake, ng'ambo tu ya barabara.

"Mama, huyu msichana wako wa kazi amechukua begi, anaenda kwao. Anasema umemruhusu."

"Nimemruhusu saa ngapi? Mfungie hiyo geti!" Diana akafoka. "Hata mamake alipozikwa sikumuachilia, ndio wewe umuachilie leo?"

Maneno yake yakatoka kwenye spika zote. Leso zikashuka machoni, moja baada ya nyingine, na kanisa zima likamtazama.