Nyumba ya Sita Kutoka Kona

Ufunguo uliingia vizuri, kisha ukakataa kugeuka.

Mtu mwingine angerudi nyuma hatua mbili, akaitazama nyumba upya na kujiuliza. Yeye alikuwa fundi vitasa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiitwa kwenye milango inayowagomea wenyewe, na hakuwahi kubishana na mlango akashindwa. Alipiga goti, akafungua sanduku la vifaa, na baada ya dakika sita kitasa cha zamani kilikuwa sakafuni na kipya kiko mahali pake.

Ndani, dari ilikuwa imevimba kwa maji ya mvua. Bomba la jikoni lilidondosha maji bila kupumzika. Vigae vitatu vya bafuni vilikuwa vimebanduka, na chumba cha nyuma kilinuka popo.

Alimpigia dada yake simu.

"Ikoje hiyo nyumba?" dada aliuliza.

"Inavuja."

"Kwa hiyo mjomba kakuachia deni, akaliezekea bati."

Mjomba mwenyewe walionana mara mbili tu, zote harusini. Barua ya wakili ilikuwa na kurasa tatu. Wa kwanza ulisema kwamba nyumba ni ya sita kutoka kona, upande wa kushoto. Kwamba imewekwa rehani benki na mkopo umebakiza miaka saba. Na kwamba ofisa wa benki atakuja kuikagua tarehe thelathini. Akiona inafaa kupangishwa, mrithi ataruhusiwa kuuendeleza mkopo. Akiona haifai, itapigwa mnada. Alipofika kwenye neno "mnada" fundi hakuona haja ya kusoma zaidi. Kurasa mbili zilizobaki alizikunja, akazitia sandukuni chini ya misumari. Kisha akaenda, akahesabu kwa kidole, duka la kona likiwa la kwanza.

Alikuwa amefunga vitasa kwenye nyumba zipatazo elfu tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa yake. Hii hakukusudia kuiachia mnada. Alifunga kibanda chake cha kazi, akanunua saruji na bati mbili. Alikuwa na siku kumi na sita.

Asubuhi ya pili, bibi wa nyumba ya jirani alisimama mlangoni na birika la chai.

"Hatimaye umefika," alisema. "Nimekungoja tangu mwezi uliopita mpaka nikakata tamaa."

"Barua ilichelewa kunifikia, bibi."

"Siku hizi mpaka barua." Alitikisa kichwa. "Haya, kunywa chai, fundi. Ukianza na dari utapoteza muda. Anza na bati la tatu kutoka ukingoni, ndilo lenye tabu."

Jirani aliyemngoja mrithi mwezi mzima, na chai juu yake. Fundi alimpenda papo hapo.

Bati la tatu kweli ndilo lililokuwa na tabu. Bibi aliijua nyumba ile kama kiganja chake: alimwonyesha bomba linapopita ukutani, akamwonya kuhusu swichi ya chumba cha nyuma, akamtajia mwaka vigae vilipowekwa. Siku ya tano alileta madebe mawili ya rangi, kayalipia mwenyewe.

"Jikoni nilikuwa nafikiria kijani," fundi alisema.

"Kijani ni cha hospitali. Paka njano."

Akapaka njano. Dirisha la jikoni lilielekea kwa bibi, na aliona ni haki ya jirani kuchagua rangi atakayoitazama kila siku.

Siku ya kumi alimkabidhi ufunguo mmoja wa kitasa kipya, ukae kwake kwa dharura. Bibi aliujaribu mlangoni, ukageuka bila kelele.

"Hapo umefanya kazi," alisema. "Na wa pili unao wewe?"

"Ninao, bibi."

"Utanipa ukimaliza."

Fundi alicheka mpaka akashika ngazi. Bibi alikuwa na utani mkavu, ule wa mtu asiyetabasamu anapotania.

Tarehe thelathini nyumba ilikuwa kavu, imenyooka, inanukia rangi. Fundi alisimama mlangoni na shati lililopigwa pasi. Saa nne kamili ofisa wa benki alitokea upande wa kona, faili kwapani. Alimsalimia kwa adabu, akampita, akabisha hodi kwa bibi.

Fundi alimfuata ili amweleze kwamba amekosea mlango. Alimkuta sebuleni, amekaa mezani, anaandika.

"Mrithi ndiye wewe?" ofisa aliuliza bila kuinua macho. "Kaa. Mimi nimemaliza. Nyumba ni nzima, na mpangaji hajachelewesha kodi hata mara moja, kama ulivyosoma kwenye ukurasa wa pili. Mradi mpangaji huyu yupo, benki haina neno. Hongera."

Fundi aligeuka kumtazama bibi. Bibi alikuwa akifunga vikombe kwa magazeti, kimoja kimoja, na kuvipanga kwenye boksi.

"Mwanangu hakuniambia kwamba fundi aliyenitumia ndiye mwenye nyumba wangu mpya," alisema, uso umemchangamka. "Basi nakuaga leo leo. Jumamosi narudi kwangu, hapo jirani. Lete ule ufunguo wa pili."