Shikamoo ya Hewani

Filamu ilikuwa imebaki picha moja tu, na Adinani alikuwa ameshaanguka mara kumi na moja kwenye ngazi za ghala la tumbaku lililofungwa, karibu na stesheni.

Miezi mitatu nilikuwa nawapiga picha vijana wanaoruka na ubao wa magurudumu, ule wa skateboard, na mgongo ulikuwa unaniuma. Nikalala kifudifudi kwenye saruji. "Ukidondoka tena," nikamwambia, "naenda zangu nyumbani."

Akaja mbio, akaukanyaga ubao, akaziruka ngazi zote tano.

Adinani akiwa hewani, bibi yake akatokea kwenye kona na beseni la dagaa wa Kigoma kichwani. Ndiye aliyeuchoma ubao wa kwanza kwenye mafiga, mwaka ule Adinani alipovunjika mkono. Alichojua ni kwamba mjukuu wake yuko gereji, anajifunza kuchomelea.

Adinani angeweza kugeuza uso. Lakini kwa malezi ya Tabora, shikamoo hutoka kabla mtu hajafikiri.

"Shikamoo, bibi!"

Nikabonyeza.

Magurudumu yakagonga chini. Adinani akabaki wima juu ya ubao. Ilikuwa mara ya kwanza kutoanguka, na hakuna mwenzake aliyethubutu kushangilia.

"Marahaba," bibi akaitika, kwa sauti yake ya kila asubuhi.

Akatua beseni. Akainama, akaokota kijiwe kilichokuwa mbele ya gurudumu, akakitupa pembeni.

"Rudia, mume wangu. Nilikuwa nasikiliza shikamoo yako, sikuona ulivyotua."

Filamu ilikuwa imekwisha. Nikaweka kamera chini, nikakaa kando ya bibi.