Msomaji wa Tatu

Mkuu wa maktaba za wilaya alipiga simu asubuhi, wala hakusalimu. "Sitaki kujua watu wameingia maktaba mara ngapi. Nataka watu wenyewe. Jina likijirudia, lihesabu mara moja. Wasipofika watatu, tunafunga."

Mwanaidi, mkutubi wa pale, aliiuliza kompyuta, ambamo huingiza majina ya daftari la wasomaji. Mwaka mzima watu walikuwa wameingia mara mia sita na nne. Majina yalikuwa mawili tu: Mbaruku na Zuhura.

Saa nne mzee Mbaruku akaja. Aliandika jina lake daftarini, na chini yake, kwa mwandiko uleule, akaandika la Zuhura. Akavuta viti viwili, akakalia kimoja.

"Shikamoo mzee. Mbona bibi sijawahi kumwona?"

"Marahaba. Hutamwona, mwanangu. Tulimzika mwaka juzi. Ila hapa tulizoea kuja wawili."

Mwanaidi alirudi mezani kwake. Alilivuta daftari, akachukua kalamu, akaandika jina lake chini ya la Zuhura.

Mzee alinyanyuka, akalisoma.

"Na wewe unakuja na nani?"

Mwanaidi alivitazama vile viti viwili. Mzee akavuta kiti cha tatu.