Mstari wa Tisa

Fundi wa vitasa aliketi sakafuni, bisibisi mkononi, akasema kwa mara ya tatu.

"Dada zangu, tuelewane. Nikikifunga hivi, ufunguo utaingia kutoka ukumbini tu. Aliye chumbani hana lake."

"Ndivyo tunavyotaka," alijibu Kitinda.

"Miaka yote nazuia watu wasiingie. Leo ndiyo mara ya kwanza nazuia mtu asitoke." Alicheka peke yake, kisha akaendelea kukaza skrubu.

Mashindano ya riwaya aliyoyangoja Kitinda tangu mwaka wa kwanza chuoni yangefungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi. Mshindi angechapishiwa kitabu. Naye alikuwa na sura tatu tu, kwa kuwa kila mara alishika hili akaacha lile: kwaya, mbio za asubuhi, lugha ya tatu, mchumba. Mhadhiri wake ndiye aliyemzindua. Andika matakwa kumi ya maisha yako, alimwambia, ukate tisa, wala usiyaonee huruma.

Kitinda aliyakata, karatasi akaibandika ukutani juu ya meza. Alimpa dada yake karatasi nyingine ajaribu. Dada aliandika, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Umebakiza lipi?"

"Sijamaliza kukata."

Sasa, fundi alipokuwa akikusanya vifaa vyake, dada alisimama mbele ya karatasi ya ukutani na kuisoma polepole. Kidole chake kilikomea karibu na mwisho.

"Huu wa tisa umeukata mara mbili."

Mstari wa tisa ulisema: *Kumrudisha dada chuoni.* Wazazi wao walipofariki, dada alikuwa mwanafunzi wa fasihi, na hadithi zake walimu waliwasomea wenziwe darasani. Aliyaacha yote ili amlee mdogo wake, akawa mpiga chapa wa barua za watu wengine.

"Ni kwa sasa tu, dada. Hili likifanikiwa, mengine yatafuata."

"Kwani mimi nimesema nini?" Dada alitabasamu. "Nimekuelewa, mdogo wangu. Kuliko unavyodhani."

Masharti aliyaweka Kitinda mwenyewe. Simu na kompyuta vitoke chumbani. Ataandika kwa mkono na kuzisukuma kurasa chini ya mlango. Dada atazichapa ukumbini, kisha atazipeleka mwenyewe kwenye mashindano. Bafu lilikuwa humo ndani, na chakula cha siku tisa kilipangwa kabatini. Dirisha lenye nondo lilitazama ukuta mtupu wa ghala lililohamwa. Mlango usifunguliwe kabla ya ukurasa wa mwisho.

"Hata ukilia?" dada aliuliza.

"Hata nikilia."

Alilia siku ya nne. Aligonga mlango mpaka mikono ikamuuma. Huko nje vitufe vya kompyuta viliendelea kulia, ta-ta-ta, bila kupunguza mwendo. Baadaye Kitinda aliona aibu, akarudi mezani, na usiku huo sentensi zilimjia kama maji.

Siku ya saba sauti ya dada ilisikika karibu kabisa na mlango.

"Kitinda, kisa hiki kinanitoa machozi. Umemsimulia nani mwingine?"

"Hakuna. Marafiki nilishawakata wote."

"Na mchumba?"

"Nilimwambia asinitafute mpaka muhula uishe."

"Vizuri," alisema dada. "Andika, mama. Andika."

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Kitinda aliweka nukta ya mwisho. Kabatini zilikuwa zimebaki biskuti tatu. Hakuwa amejiwekea nakala hata ya ukurasa mmoja. Yote aliyokuwa nayo yalikuwa upande wa pili wa mbao zile. Akausukuma ukurasa wa mwisho, ukavutwa upesi.

Vitufe vililia, vikanyamaza. Printa ilinguruma kwa muda mrefu. Kitinda aliegemea mlango akiwa amefumba macho, moyo mweupe. Alikuwa ameweza. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ametaka jambo moja tu, na akalifikisha mwisho.

"Dada, nifungulie sasa. Twende pamoja."

Nyayo zilikuja zikasimama. Alingoja ufunguo ugeuke. Badala yake, karatasi iliyokunjwa iliteleza chini ya mlango ikamgusa vidole vya mguu, na nyayo zikaondoka bila haraka. Mlango wa mbele ukafungwa.

Aliikunjua. Ilikuwa ile karatasi aliyompa dada, mistari kumi kwa mwandiko safi wa mpiga chapa. Ulikuwa umebaki mmoja tu, wa kwanza: *Kutoa kitabu chenye jina langu.*

Wa tisa ulikatwa mara mbili, na wino ulikuwa bado mbichi: *Kumfungulia mdogo wangu mlango.*